Pima akili yako ya ufundi kwa spana, baiskeli na chupa ya maji

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni gerejini. Niko Busia, upande wa Uganda. Vijana wengi huja hapa kuomba kujifunza kazi, na kabla sijauliza cheti nawapa daftari na kalamu. Naweka kitu mezani, nauliza: nikisukuma hapa, kule kutatokea nini? Leo nawapa maswali hayo hayo, mjipime hapo nyumbani.

Sharti ni moja. Andika jibu kabla hujagusa kitu, na chini yake andika sababu. Ukikosa huku sababu iko kwenye karatasi, utaona wazi ulipoteleza. Ukipatia bila sababu, usijihesabie alama.

Tuanze na spana ya tairi. Mkono wa hii ni sentimita 25. Nati imekwama. Nikichomeka bomba la chuma mkono ukafika sentimita 75, nguvu ya kuzungusha nati itaongezeka mara ngapi? Simamisha video, andika.

Mara 3. Urefu ukizidishwa kwa 3, na kusokota kunazidishwa kwa 3, hata kama mikono yako inasukuma vilevile. Sasa sikiliza: nilipokuwa mwanafunzi nilichomeka bomba refu nikaegemea kwa mwili mzima, boliti ikakatika ndani ya habu. Tulishinda jua zima tukiichimbua. Nati ilipokea nguvu kubwa, mimi mikononi sikuhisi lolote. Kwa hiyo ukiongeza bomba, sukuma polepole.

Swali la haraka katika hilo hilo: una wilibaro na jerikani la lita 20. Utaliweka karibu na gurudumu au karibu na mikono yako? Karibu na gurudumu. Ukikosa hili, rudi kwenye spana uanze upya.

Pili, baiskeli. Ipindue, isimame kwa siti na usukani. Hapa Busia baiskeli ina heshima yake: miaka ya 1960 watu walibebwa kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na jina la boda boda likazaliwa hapo. Hesabu meno ya gia ya mbele, kisha ya nyuma. Yangu ina 44 mbele na 18 nyuma. Nikizungusha pedeli mara 1, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi?

Andika. Halafu funga uzi mwekundu kwenye spoku moja, zungusha pedeli taratibu, na uhesabu uzi ukipita. Hivi: mara ya kwanza... mara ya pili... na karibu nusu tena. Gawanya 44 kwa 18, utapata 2.4. Sasa umepakia mikungu miwili ya matoke na mbele kuna mlima. Utafunga gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi au machache? Mengi zaidi. Miguu itazunguka mara nyingi, lakini kila mzunguko utakuwa mwepesi. Ukipata wepesi, unaulipia kwa safari ndefu ya miguu. Shika hilo, maana tutakutana nalo tena sasa hivi.

Tatu, nunua duka la dawa mabomba mawili ya sindano, la mililita 5 na la mililita 20, bila sindano zenyewe, pamoja na kipande cha mrija wa dripu. Jaza maji, unganisha. Mpe rafiki bomba kubwa, wewe shika dogo, kila mmoja asukume. Nani atashinda?

Mwenye bomba dogo. Nimeona fundi mwenye kifua kipana akishindwa na binti wa miaka 10, wote wawili wakabaki wameduwaa. Pima vipenyo: langu dogo lina kama milimita 12, kubwa 19. Ukilinganisha nyuso za pistoni, yaani kile kinachosukuma maji ndani ya bomba, kubwa ni kama mara 2.5 ya dogo, na presha ya maji ni ileile pande zote, hivyo mwenye kubwa anasukumwa kwa nguvu kama mara 2.5 ya ile unayotia wewe. Lakini angalia mwendo: nasukuma dogo sentimita 5, kubwa linatoka sentimita 2 tu. Ni malipo yaleyale ya baiskeli. Jeki ya chupa inayoinua lori inafanya kazi hivi, na breki za gari pia.

Sogeza kamera hapa. Naacha kipovu cha hewa kwenye mrija, kidogo kama punje ya mchele. Nasukuma. Unaona? Kipovu kinajibana kwanza, ndipo upande wa pili uanze kusogea. Ndiyo maana dereva akikuambia pedeli ya breki imekuwa laini kama sponji, unatoa hewa kwenye mfumo kabla gari halijaondoka. Hapo sina mzaha hata kidogo.

Swali la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chukua chupa ya lita 1.5, kata shingo. Kwa msumari uliopashwa moto toboa matundu matatu, sentimita 6, 12 na 18 kutoka chini, yasipangane kwenye mstari mmoja. Yazibe kwa vidole. Isimamishe chini kabisa, kwenye sakafu. Jaza maji hadi sentimita 24, na mwenzako aendelee kumimina ili yasishuke. Ukiachilia vidole, tundu lipi litarusha maji mbali zaidi?

Karibu kila mtu huandika la chini, maana ndivyo mchoro wa darasani ulivyokuwa. Sasa tazama. La katikati ndilo limefika mbali. La juu na la chini yameanguka karibu mahali pamoja. Niliporudia mara ya kwanza nilidhani tundu langu lina kasoro, nikatoboa chupa nyingine.

Tundu la chini lina presha kubwa, na maji yake kweli yanatoka kwa kasi kuliko yote. Ila liko sentimita 6 tu kutoka sakafuni, yanagusa chini kabla hayajapata muda wa kwenda. La juu lina muda, lakini kasi halina. La katikati limepata vyote viwili kwa kiasi. Sasa pandisha chupa juu ya stuli. Andika tena kabla sijaachilia! Safari hii la chini linaongoza, kwa sababu kila tundu lina nafasi ya kutosha ya kuanguka, na kasi inapata muda wa kufanya kazi. Chupa ni ileile, matundu ni yaleyale. Mwenye kukariri atakosa mara moja kati ya hizi mbili.

Kwa hiyo ukipita Kayabwe, kwenye ikweta, barabara ya Kampala kwenda Masaka, ukaoneshwa maji yakizunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili hatua chache tu kutoka kwenye mstari, ukaambiwa ni kazi ya mzunguko wa dunia, furahia, kisha uje ujaribu nyumbani. Toboa beseni katikati, ziba, jaza, liache litulie usiku kucha, asubuhi zibua taratibu. Rudia mara 10 ukiandika kila matokeo. Mzunguko wa dunia, wa saa 24, ni dhaifu mno kutawala beseni. Anayeamua ni mkono ulivyomimina, na umbo la beseni.

La mwisho. Beseni la maji, ndani yake bakuli linaelea, ndani ya bakuli jiwe. Weka alama ya kalamu usawa wa maji. Nikitoa jiwe kwenye bakuli nikalizamisha kwenye beseni, maji yatapanda, yatashuka au yatabaki? Umeandika? Haya... yameshuka. Likiwa kwenye bakuli, jiwe lilisukuma maji yenye uzito sawa na lenyewe. Likiwa chini linasukuma maji ya kujaza nafasi yake tu, na jiwe ni zito kuliko maji ya ukubwa wake.

Sasa toa jiwe, weka kipande cha mti kinachoelea. Weka alama upya. Ukikihamisha kutoka kwenye bakuli kwenda kwenye maji, alama itasemaje? Kalamu kwanza, halafu mkono.