Mfarishi Wako Umekwama Kabatini kwa Sababu ya Nakshi

Karibuni, kaeni. Waliokuja na mifuko waiweke chini kwanza, tutaifungua mwishoni. Kilichomo nakijua: mfarishi, lile tandiko la viraka juu, pamba katikati na bitana chini; viraka vimeungwa, vimepigwa pasi, pengine pamba na bitana vimeshanunuliwa, kisha kazi ikasimama. Mwenyewe akiulizwa husema, "Bado natafuta nakshi," yaani mchoro wa mishono ya kushika tabaka zote tatu. Ugonjwa huu nimeusema mara nyingi kiasi kwamba baadhi yenu mnaweza kunimalizia sentensi. Nitausema tena, maana mifuko bado inakuja.

Kukata viraka na kuviunga nitaruka, mnakujua. Naanzia hapo mlipokwama.

Nyinyi huchagua nakshi kwa macho. Mnatandaza mfarishi kitandani, mnakunja mikono, mnaangalia picha kwenye simu, ua hili, unyoya ule. Nakshi ya uzi ina kazi kabla ya kuwa pambo: inashika pamba isitembee ndani. Kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni pamba. Wa pili ni futikamba. Macho yatapewa zamu yao, ila ni ya tatu.

Tuiulize pamba basi. Pakiti ilishatupwa, najua. Chomoa kijinyuzi ukingoni, kishike kwa kibano, kichome juu ya sahani. Kikinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba halisi. Kikiyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi, ni polista. Pamba halisi isiyo na gundi wala wavu ndani, usiiachie nafasi inayozidi sentimita 5 bila mshono. Ukiiachia, baada ya kufuliwa mara chache inajikusanya mabonge na katikati panabaki vitambaa viwili vitupu. Polista inavumilia kama sentimita 10. Kuna pamba za siku hizi zenye wavu ndani zinazovumilia zaidi, na hizo pakiti yake husema, ndiyo maana pakiti haitupwi. Na kabla hujauliza, sufi ni ya mito. Usiilete hapa.

Sasa futikamba, na hapa ndipo nitakapokaa, msinitazamie saa.

Chukueni mfarishi wa kitanda, sentimita 150 kwa 200. Eneo lake ni mita za mraba 3. Mtu anapenda miraba midogo ya mshazari, mistari ikipishana sentimita 2 na nusu, kwa sababu ameiona mahali inapendeza. Hesabu ni rahisi: gawa eneo kwa nafasi kati ya mstari na mstari, unapata urefu wa uzi utakaopita. Mita za mraba 3 gawanya kwa 0.025 ni mita 120. Hiyo ni mistari ya upande mmoja tu. Miraba inataka pande mbili, kwa hiyo mita 240. Mita mia mbili na arobaini kwa mkono, bandi ndogo ndogo, mishono 3 katika kila sentimita! Ukishona mita 2 kwa saa, una saa 120 mbele yako. Halafu tunashangaa kwa nini kabati limejaa.

Basi anasema, "Nitaipanua, iwe sentimita 7 na nusu." Vizuri, sasa ni mita 80, saa 40. Lakini kama pamba yake ni ile isiyo na wavu, mraba wa 7 na nusu umeshapita 5. Amepunguza kazi na kuua pamba.

Sasa angalieni feni, yale matao ya nusu duara yanayofuatana kama mawimbi. Mistari yake haikatani, yote inakwenda upande mmoja. Pishanisha kwa sentimita 4: mita za mraba 3 gawanya kwa 0.04 ni mita 75. Kazi ni pungufu ya ile miraba mipana, na pamba imeshikwa kila sentimita 4. Tena kuchora kwake hakuhitaji karatasi ya nakshi. Funga kamba kwenye chaki, piga mafundo kila sentimita 4, bana fundo la kwanza kwa kidole gumba ukingoni, zungusha tao. Hamia fundo la pili, zungusha. Matao matano, sogea upande, anza tena. Linalofuata linaishia pale linapogusa jirani yake. Mkono wenyewe unaipenda, kwa sababu mshonaji huvuta sindano kuja kwake kwa tao, si kwa rula.

Mtasema: feni haijali viraka, inapita juu yake bila salamu. Kweli. Ndiyo faida yake. Kama viraka vina rangi nyingi na vitenge vya maua makubwa, nani atakiona hicho kiunyoya ulichokichora wiki nzima? Nakshi ya kuonekana iweke kwenye kitambaa cha rangi moja. Penye maua uzi unamezwa, kwa hiyo weka nakshi ya bei rahisi.

Na yupo atakayenikumbusha kawandi, mifarishi ya Wasiddi wa Karnataka, ndugu zetu wenye asili ya Afrika kule India, kwamba mishono yao imebanana sana na bado wanazimaliza. Asante kwa kuwataja. Wao hawachagui nakshi kabisa. Wanaanzia ukingoni mwa sari kuukuu, wanazunguka kwa bandi kuelekea katikati, kiraka kinawekwa na kushonewa njiani humo humo, mpaka wakutane na kitovu. Hakuna siku ya kukunja mikono na kuangalia picha. Pembeni wanaweka vile vipembe vya kitambaa kilichokunjwa, phula, kazi imeisha. Hoja yangu ndiyo hiyo hiyo, wao wameitekeleza kwa sindano.

Wanaotaka kufuata viraka, sawa, fuateni, ila msishone juu ya mshono. Unapounga viraka, robo inchi ya kitambaa inalala upande mmoja wa mshono, na hapo sindano inakutana na tabaka za ziada. Shona milimita 7 au 8 ndani ya ukingo wa kiraka, unywele mmoja nje ya ile robo inchi, na sindano itapita kama kwenye siagi. Sindano yenyewe iwe fupi, namba 9 au 10, uzi sentimita 45. Mrefu kuliko hapo unachakaa kabla haujaisha. Fundo huzikwa: ingiza sindano sentimita 2 pembeni, vuta taratibu mpaka fundo lipenye kitambaa, utasikia kama linabonyea. Likipita mpaka upande wa pili, umevuta kwa hasira.

Mifarishi iliyolala kabatini ina mambo yake. Ambayo tabaka zake zimeshikwa kwa pini, zitoe leo. Unyevu wa pwani unaleta kutu na doa la kutu halitoki kirahisi. Badala yake piga bandi ndefu za muda kwa uzi mweupe, kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikipishana upana wa kiganja. Iliyochorwa kwa kalamu ya buluu ya kufutwa kwa maji, isiguswe na pasi kabla ya kuoshwa, joto linaikaza ile rangi. Iliyoachwa kwenye duara la kudarizi, ile alama ya duara... haya, toeni duara kila mnapoacha kushona, tuendelee.

Pindo linalocheza kama marinda: katikati umeshona kwa kubana, pembeni umeacha wazi. Mshono wa karibu unakusanya kitambaa, usio wa karibu haukusanyi, ziada inasimama. Dawa ni kuongeza mistari pindoni. Kukata pindo hakusaidii kitu.

Bitana izidi mfarishi kwa sentimita 10 kila upande, kwa hiyo hapa 170 kwa 220. Wanaotegemea doti moja ya kanga wapime: ukiziunga mbili unapata takriban 150 kwa 220, na mshono umekula kidogo. Upana hautoshi. Ungeni ukanda wa kitambaa kingine, msivute.

Ukanda wa kufungia ukingo, haraka: mzingo ni sentimita 700, ongeza 30. Kata vipande vya upana wa sentimita 6 kwenye kitambaa chenye upana wa sentimita 110, vinatosha vinane, unga kwa mshazari, kunja katikati. Kona, simama milimita 6 kabla ya mwisho, toa sindano, kunja juu, kunja chini, endelea. Hanamu, yaani ukanda uliokatwa mshazari, ni ya kingo za mviringo tu. Kuhusu kuandika jina na tarehe nyuma ya mfarishi nilikuwa na maneno, naona muda umekwisha.

Haya, mifuko. Mama uliye karibu na dirisha, anza wewe. Lete mfarishi na kijinyuzi cha pamba, na kiberiti kiko hapa mezani.