Msimuulize mjane mlikosana nini

Kamwene, akina mama. Kamwene, akina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango.

Mlionisikia Mafinga na Njombe mnajua nitakapoanzia, na nitaanzia hapohapo kwa sababu jambo lenyewe halijabadilika. Mume wangu alijiua. Miaka miwili niliwaambia watu aliugua ghafla, na kila nilipolisema hilo nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyelima kutwa.

Siku ya kwanza ya msiba nimekaa mkekani, sijaonja hata uji, wifi yangu akanisogelea sikioni. Nikajua ananipa pole. Akaniuliza: "Mlikosana nini?" Akaja mwingine na lilelile, na mwingine. Hadi jioni walioniuliza hivyo walikuwa wengi kuliko walioniuliza kama nimekula. Usiku ule sikulia, nilijitetea. Nilipitia maneno ya wiki nzima, kile chakula cha Jumapili, lile nililomjibu huku nimempa mgongo. Wajane wengine wanaachiwa nafasi ya kulia. Sisi tunapekua.

Siku ya nne nikapekua kweli. Koti lake lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, lile zito la baridi ya Juni, ingawa tulikuwa Novemba. Mfukoni nikakuta risiti ya mbolea ya kupandia, mifuko miwili, imelipwa Jumanne. Alhamisi hakuwepo tena. Na mifuko yenyewe ilikuwa stoo, imepangwa juu ya mbao isipate unyevu. Risiti ile niliikunja na kuikunjua mpaka wino ukafifia, nikitafuta humo jibu la swali la wifi yangu. Halimo. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, na mgonjwa wake anaweza kununua mbolea asubuhi akiwa na nia ya kweli ya kupanda. Mara nyingi hakuna sababu moja. Ugonjwa, deni, pombe na uchungu wa zamani vinamkuta mtu kwa pamoja. Sasa ninyi mnataka mjane awape neno moja la kwenda nalo sokoni?

Hapa huwa kuna mzee ananyoosha mkono: "Mama, lakini chanzo lazima kijulikane." Kijulikane kwa nani, baba? Polisi waliniuliza, daktari aliniuliza, ni kazi yao, nikawajibu. Wewe umekuja na debe la mahindi na swali. Mahindi tunapokea, asante. Swali rudi nalo.

Wengine wanasema tukimzika kwa heshima mtu aliyejiua, tunawafundisha vijana wafanye hivyohivyo. Jirani yangu Mkatoliki, mumewe alizikwa bila wimbo hata mmoja. Sheria za Kanisa lake za mwaka 1917 ndizo zilizomnyima mazishi ya kanisa mtu aliyejiua kwa makusudi. Zile za 1983 ziliondoa hilo, na Katekisimu ya 1992, namba 2283, inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu hao. Waliokataa kuimba siku ile wengi wamezaliwa baada ya 1983! Na hapa kwetu tunapeleka wanafunzi makumbusho ya Kalenga waone fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate. Ile ilikuwa vita, sifananishi, wala sisemi kujiua ni jambo jema. Nasema tu kwamba ukoo wake hauulizwi mlikosana nini.

Aliyenisaidia mimi hakuuliza. Arobaini imepita, turubai limeondoka, masufuria ya kukodi yamerudishwa, watu wamekata mguu. Alfajiri moja akaja jirani, mama mtu mzima, na majembe mawili begani. "Mama, ile mbolea itaganda. Twende." Tulikuwa tumechelewa, lakini tulipanda. Tulipokaa kupumzika akaanza kumtaja mume wangu kwa jina lake, alivyokuwa akipiga mluzi akishuka na baiskeli, alivyomshikia ngazi akiezeka. Wiki sita nzima sikuwa nimelisikia jina lile kinywani mwa mtu. Nililia mpaka nikakaa chini katikati ya matuta, naye akaendelea kufukia mashimo yangu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi haya nayapitia mbio. Watoto waambieni ukweli kwa maneno ya umri wao. Mkisema baba amesafiri, mtoto atakwenda kukaa barabarani kungoja basi. Mjane asilazimishwe kuhama wala kurithiwa: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 68, inampa haki ya kuishi atakako, na ya kuolewa na amtakaye au kutoolewa. Na mkimwona mfiwa anagawa vitu vyake, anasema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Hilo swali ndilo ninalowaruhusu. Kuuliza hakumpi wazo. Akikubali, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Nilitaka kuwasemea akina baba waliofiwa na wake zao namna hii, maana wao huachiwa ulanzi tu, pombe ya mianzi, lakini muda hautoshi. Baada ya chai nitakuwa kwenye benchi lile karibu na kisima. Aliyefiwa kama mimi aje akae. Si lazima aongee.