Uzee wa Hamira

Ndugu zangu, hamjambo. Hamira mnayonunua dukani kukandia mandazi nayo huzeeka na kufa. Aliyetufundisha mengi kuhusu uzee huo ni Leonard Guarente wa chuo cha MIT, Marekani.

Jina alikuwa nalo tayari katika jenetiki ya hamira, kwa kuchunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Mwaka 1991 wanafunzi wake wawili, Brian Kennedy na Nicanor Austriaco, wakataka kusaka jeni za uzee. Wengi waliuona uzee ni uchafu mtupu usio na kanuni, yeye akawaruhusu. (Austriaco baadaye akawa padri Mdominiko. Maabara hutoa watu wa kila namna.)

Msingi uliwekwa mwaka 1959. Robert Mortimer na John Johnston walionyesha kwamba seli mama ya hamira hutoa chipukizi, chipukizi linajitenga, na baada ya kuzaa mara ishirini na ushee hivi mama hukoma.

Kazi yenyewe vitabu huipita haraka, ngojeni niwaeleze. Umeinamia hadubini. Mama ni mkubwa, binti mdogo; ndivyo unavyowatofautisha. Kila baada ya saa moja na nusu hivi unamsukuma binti pembeni kwa sindano nyembamba ya kioo, unatia alama daftarini. Usiku sahani inaingia kwenye friji, uzazi usimame nawe ukalale. Kesho tena, kwa makumi ya akina mama, wiki baada ya wiki.

Kwa mwendo huo huwezi kukagua maelfu ya hamira. Vijana wale wakabaini kwamba zinazoishi sana huvumilia pia njaa. Basi wakazishindisha njaa kwanza, kisha wakazihesabia umri zile zilizonusurika. Mwaka 1995 msako huo ukawafikisha kwenye jeni iitwayo SIR4.

Lakini mama anachoka kwa nini? Jibu la David Sinclair na Guarente, mwaka 1997, ndilo ninaloliona zuri kuliko yote yaliyotoka maabara ile. Kwenye kromosomu ya 12 jeni za kutengenezea ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kuunda protini, zimejirudia zaidi ya mara mia, zimefuatana. Mara nyingine kipande huchomoka kikajifunga duara. Duara linajinakili, na seli ikigawanyika maduara hubaki kwa mama. Binti anaondoka safi. Yakirundikana, mama anakufa. Hiyo ni habari ya hamira, msije mkampelekea babu yenu.

SIR2, ndugu yake SIR4, huibana sehemu hiyo ya DNA isichomoke ovyo. Mwaka 1999 Matt Kaeberlein na Mitch McVey, pamoja na Guarente, waliongeza nakala moja ya SIR2, umri ukapanda kwa karibu asilimia 30. Mwaka uliofuata Shin-ichiro Imai akaonyesha kwamba protini yake haifanyi kazi bila NAD, molekuli ileile inayohitajika seli inapochoma chakula. Lishe na umri vikakutana, na watu wakaanza kuota.

Ndoto hizo zilivuka mipaka. Kampuni ya Sirtris, iliyofuata njia ya resveratroli, kemikali ya ngozi ya zabibu iliyodhaniwa kuamsha protini za jamii ya SIR2, ilinunuliwa na GlaxoSmithKline mwaka 2008 kwa dola milioni 720. Mwaka 2013 ofisi zake zikafungwa. Katikati hapo, mwaka 2011, watafiti wengine walirudia majaribio yaliyodai kwamba kuongeza jeni ya aina ya SIR2 hurefusha pia maisha ya minyoo na nzi, safari hii wakilinganisha wenye asili moja ya kijenetiki. Nyongeza ya maisha ikatoweka. Kundi la Guarente likajibu kwamba kwa minyoo bado ipo, ila ndogo kuliko ilivyosemwa awali.

Kaeberlein na Kennedy walikuwa wameshahamia Seattle na sindano zao. Wakahesabu tena, aina zaidi ya 500 za hamira, kila moja imefutwa jeni moja. Majibu yakatoka mwaka 2005: kilichojitokeza ni njia ya TOR, mfumo wa seli unaopima chakula na kuiambia ikue, ule unaozuiwa na dawa ya rapamisini. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba panya walioanza kulishwa dawa hiyo wakiwa na siku 600, wazee tayari, waliishi kuliko wenzao.

Haya, maswali. Aliye nyuma pale aanze.