Neno Likishaingia Hansardi: Waziri wa Mambo ya Nje Anaposimama Bungeni

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Bunge mnalijua, mpangilio wa shughuli zake mnaujua, hivyo naingia moja kwa moja.

Waziri wa Kilimo akikosea tani za mbolea, kosa linabaki nyumbani. Kesho yake analisahihisha na mambo yanaendelea. Waziri wa Mambo ya Nje akiteleza sentensi moja, kuna ofisa wa ubalozi fulani ameiandika, na jioni hiyohiyo imeshafika makao makuu yao. Mbunge aliyeuliza ataisahau. Wale hawataisahau. Wataiweka kwenye jalada na wataitoa siku watakapoihitaji, hata kama ni baada ya miaka hamsini.

Msifikiri natia chumvi. Chukueni Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mpaka ukingoni mwa ziwa, upande wetu. Mwaka 1960 wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika walitaka mpaka usogezwe hadi katikati, kwa sababu watu wa mwambao ule wanavua humo, wanakunywa maji hayo na kusafiri humo. Mwalimu Nyerere, wakati huo Waziri Kiongozi, alijibu kwamba kwa mujibu wa makubaliano yaliyopo hata tone moja la maji ya ziwa lile si la Tanganyika, na kwamba kudai mpaka wa katikati ni kumwomba jirani abadilishe mpaka kwa faida yetu. Mwaka 1962, nchi ikiwa tayari huru, Waziri Mkuu Rashidi Kawawa aliurudia msimamo huo Bungeni.

Miaka mitano tu baadaye, Januari 1967, serikali ileile iliiandikia Malawi kwamba mpaka uko katikati ya ziwa. Malawi walikuwa na nini mkononi? Hansardi yetu, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yanayosemwa Bungeni. Mpaka leo, anayetetea hoja ya Malawi haishii kwenye mkataba wa 1890. Anaendelea hadi Dar es Salaam, 1960 na 1962.

Majibu ya Tanzania yapo, na yana uzito. Mwaka 1960 tulikuwa bado chini ya udhamini wa Waingereza, na neno la serikali isiyo na mamlaka kamili halina nguvu ya neno la dola. Ibara ya 6 ya mkataba ule wa 1890 iliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Baadhi ya taarifa na ramani za Waingereza wenyewe, kati ya vita kuu mbili, zilionyesha mstari wa katikati. Lakini kauli ya 1962 inabaki kuwa jiwe kwenye kiatu. Kila mwanasheria wetu anayeshika jalada hilo lazima aanze kwa kulieleza, na dakika kumi anazotumia kulieleza ni dakika kumi ambazo upande wa pili haukuzigharamia.

Agosti 2012 Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, aliposimama Dodoma kuwaeleza wabunge juu ya kampuni zinazotafuta mafuta na gesi kwenye ziwa hilo, na kuzitaka zisitishe kazi hadi mzozo utatuliwe, alikuwa akizungumza na hadhira mbili kwa wakati mmoja: wabunge wa mwambao waliotaka kusikia sauti kali, na serikali ya Malawi iliyokuwa ikipima kila neno. Ugumu wa kazi hii uko hapo hasa. Ile sauti inayopigiwa makofi ukumbini si lazima iwe sauti inayokufaa mbele ya msuluhishi. Suala lenyewe baadaye lilipelekwa kwa jopo la viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, na huko hakuna anayesikiliza makofi.

Sasa najua kuna aliyekaa pale nyuma anayesema moyoni: hizo ni siasa za ndani, hotuba ya bungeni haiwezi kuifunga nchi. Nimelisikia hilo mara nyingi mno na linanichosha. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ibara ya 7, unawataja watu watatu wasiodaiwa hati ya mamlaka kwa tendo lolote la kufunga mkataba: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje. Balozi kwa kawaida anadaiwa hati, isipokuwa kwa kupitisha maandishi ya mkataba na nchi aliko; Waziri wa Fedha anadaiwa hati. Huyu wetu hadaiwi, kwa sababu dunia inachukulia kwamba akifungua kinywa nchi imesema.

Na kuna nchi iliyowahi kupoteza kesi, na sentensi moja ya waziri wake ikawa miongoni mwa sababu. Julai 1919 Waziri wa Mambo ya Nje wa Norway, Nils Claus Ihlen, alimwambia mwakilishi wa Denmark kwamba serikali yake haitaleta ugumu juu ya madai ya Denmark kuhusu Greenland. Maneno ya mdomo, yaliyonukuliwa na kutunzwa. Mwaka 1931 Norway ikatangaza kulitwaa eneo la mashariki mwa Greenland. Denmark ikaenda mahakamani The Hague, na tarehe 5 Aprili 1933 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ikaamua kwamba Norway ilikuwa imefungwa na jibu la waziri wake. Hakukuwa na mkataba uliosainiwa wala kura ya bunge.

Mtasema, lile lilikuwa jibu kwa mwakilishi wa nchi nyingine, hakuwa bungeni. Kweli. Basi tazameni Ufaransa mwaka 1974. Australia na New Zealand ziliishtaki kwa majaribio ya nyuklia ya angani katika Pasifiki. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikakusanya kauli za hadharani za rais, za waziri wa ulinzi na za waziri wa mambo ya nje, kauli ambazo nyingine zilitolewa kwa waandishi wa habari tu, ikasema: mmeahidi kuacha, mmefungwa. Kama mkutano wa waandishi wa habari unatosha, ukumbi wa Bunge unashindwaje?

Hata hivyo sheria haimkamati mtu kwa kila neno. Kesi iliyo karibu nasi ni ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Rwanda, katika mahakama hiyohiyo, hukumu ya tarehe 3 Februari 2006. Waziri wa Sheria wa Rwanda alikuwa amesema katika Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba pingamizi zilizobaki za nchi yake kwenye mikataba ya haki za binadamu, yaani vipengele ambavyo nchi imekataa vimfunge, zingeondolewa karibuni. Kongo ikasema: basi zimeondoka. Mahakama ikakubali kwamba hata mawaziri wengine wanaweza kuifunga nchi katika maeneo yao ya kazi, lakini ikaona kauli ile haikutaja mambo yenyewe wala muda. Neno "karibuni" liliiokoa Rwanda. Neno moja! Waandishi wa majibu ya serikali wangeifahamu hukumu hii vizuri, nusu ya mhadhara huu isingehitajika.

Twende kwenye kazi yenyewe. Swali la msingi si tatizo kubwa. Linafika wizarani mapema, idara husika inaandika rasimu, wanasheria wanaipitia, Katibu Mkuu anaisoma, na asubuhi Waziri au Naibu wake anaisoma ilivyo. Hatari iko kwenye swali la nyongeza, lile linaloulizwa papo hapo baada ya jibu. Hapo hakuna karatasi, kamera zinawaka, mbunge ana hasira na wapiga kura wake wanasikiliza redioni. Ndipo zinapotoka sentensi kama "hatuna mgogoro wowote na jirani zetu". Inasikika ya upole, ya kidiplomasia kabisa. Lakini mahakama ya kimataifa hutatua migogoro iliyopo. Siku utakapotaka kushtaki, mwenzako atasoma jibu lako kwamba mgogoro haupo. Au "eneo lile kihistoria ni lao ila sisi tunalitumia". Umeshagawa ardhi, ndugu yangu, na kengele ya maswali haijalia bado.

Kwa hiyo kila jibu la msingi linalogusa mpaka, maji, mikataba au raia wetu walio nje liambatane na ukurasa mmoja wa pili ambao Waziri hausomi kwa sauti. Ukurasa huo uwe na maswali matatu au manne ya nyongeza yanayoweza kutabirika, jibu la kila moja, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, maneno yasiyotamkwa. Afisa akitenganisha sentensi za historia, za msimamo na za ahadi, Waziri anajua anapokanyaga. Sentensi ya historia isibebe hukumu. Ya msimamo isomwe kama ilivyoandikwa, bila kuipamba. Ya ahadi isitamkwe kabla Baraza la Mawaziri halijaijua, maana ibara ya 53 ya Katiba yetu inawawajibisha mawaziri kwa pamoja.

Na akiteleza? Asahihishe siku hiyohiyo, katika kikao hichohicho ikiwezekana, au kwa Kauli ya Waziri siku inayofuata. Kunyamaza ni kubaya zaidi. Thailand iliipokea ramani iliyoweka hekalu la Preah Vihear upande wa Kambodia, ikakaa miaka mingi bila kulalamika, na mwaka 1962 ikalipoteza hekalu The Hague. Wengine hudhani ibara ya 100 ya Katiba, ile ya uhuru wa mawazo Bungeni, inawalinda. Inamlinda msemaji asishtakiwe hapa nchini. Nchi yenyewe haina kinga hiyo kwa jirani.

Naona karatasi ya muda imeinuliwa, na nilitaka kuzungumza sana juu ya kuridhia mikataba. Nitapita juu juu. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mbunge hawezi kuhariri mkataba uliokwisha kusainiwa. Anakubali au anakataa, na inaporuhusiwa anashauri pingamizi liwekwe. Kwa hiyo mjadala wenye nguvu ni ule unaokuja kabla ya kalamu kugusa karatasi. Novemba 2016, Bunge liliposhauri tusisaini ule mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, lilizungumza wakati wake. Linganisheni na Juni 2023 na makubaliano ya bandari na Dubai. Yalikuwa yamesainiwa tangu Oktoba 2022, yakaletwa Bungeni tarehe 10 Juni, na malalamiko makubwa yakaja baada ya azimio kupita. Waliokuwa na hoja nzuri juu ya muda na namna ya kujitoa walizileta mlangoni pakiwa pameshafungwa.

Kuhusu bajeti: Fungu 34 ndilo la wizara hii. Mbunge asiyeridhika hushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani huzuia kwa muda kupitishwa kwa fungu la mshahara huo hadi apate maelezo. Watu wanaliona kama mchezo, lakini ndiyo dakika pekee ambapo Waziri analazimika kutoa maelezo mahususi kuhusu jambo moja. Itumieni kudai tarehe na hati, kwa sababu wito wa "serikali ichukue hatua" hauwezi kufuatiliwa na mtu yeyote mwaka unaofuata.

Zanzibar na mambo ya nje kama jambo la Muungano, pamoja na sakata la kujiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwaka 1992 na kujitoa 1993, naliacha. Linahitaji jioni yake. Kenya ambako mawaziri si wabunge tena tangu Katiba ya 2010 naliacha pia, ingawa mjadala wao wa kupeleka polisi Haiti ungetufaa sana.

La mwisho, nalisema haraka. Azimio likipita na wabunge wakipiga meza, nchi bado haijafungwa. Hati ya kuridhia inaandikwa, inasainiwa na kupelekwa kwa mhifadhi: Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, au Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, au Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, kulingana na mkataba. Hati ikilala kwenye droo, mkataba haujaridhiwa. Mbunge mwenye bidii aulize swali hilo miezi sita baada ya azimio: hati iliwekwa lini, na kwa nani? Haya, maswali.