Akistaafu Mchezaji, Ajenge Nini?

SALMA: Assalaam alaykum wasikilizaji. Leo mvua imetufungia ndani hapa Chake Chake, Pemba, kwa hivyo tuna wasaa wa kubishana. Khamis, wewe unasema mchezaji aliyestaafu na pesa zake ajenge uwanja.

KHAMIS: Nimesema, na sirudi nyuma. Mchezo ndio uliompa, arudishe mchezoni.

SALMA: Na Dikembe Mutombo utamweka wapi? Mkongo yule, mita 2.18, kacheza kikapu NBA, ligi ya Marekani, tokea 1991 mpaka 2009. Kwao Kinshasa alijenga hospitali ya vitanda 300, ikafunguliwa 2007. Kaipa jina la mama yake, Biamba Marie.

KHAMIS: Yule alikuwa na uchungu wake, yakhe. Mama yake aliugua 1997 wakati wa machafuko, hospitali haikufikika, akafia nyumbani.

SALMA: Na mwenyewe alipokwenda kusoma Georgetown, Marekani, alikuwa anataka udaktari. Kikapu kikamchukua.

KHAMIS: Haya, nakupa nusu. Lakini hospitali haishii kwenye kukata utepe. Kuna dawa, mishahara, mafuta ya jenereta, kila mwezi. Sisi huku tumeshazoea: mtu anakuja na jezi na mipira, picha zinapigwa, ukirudi baada ya mwezi hata pampu ya kujazia upepo haipo.

SALMA: Ndiyo maana namkubali Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania. Watu wanamtaja kwa ile rekodi ya dunia ya Christchurch, New Zealand, 1974, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, kaongoza tokea mwanzo mpaka mwisho. Mimi namtaja kwa skuli zake, Kimara na Kibaha.

KHAMIS: Za kulipia zile! Hiyo biashara.

SALMA: Ada ndiyo inayolipa walimu. Iondoe, umsubiri mfadhili, uone milango itafunguliwa mpaka lini.

KHAMIS: Na mtoto wa mchuma karafuu wa Wete, baba hana ada?

SALMA: Mmh. Hapo umenibana.

KHAMIS: Wachezaji wetu wengi wamestaafu na magoti mabovu, basi. Kombe la CECAFA la 1995, la soka la Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar tulilichukua na tunajivunia mpaka leo, ila ukilitaja dukani hupewi hata kilo ya sukari. Sasa kuna mzee mmoja mtaani kwetu, zamani beki. Akishasali alasiri anatoka na mipira yake kwenye wavu wa kuvulia. Mpira ukifumuka anaushona mwenyewe, uzi anautia nta kwanza. Ana daftari, majina ya watoto wote yamo, na asiyekwenda chuoni kusoma Kurani siku hiyo hagusi mpira. Anakaa pembeni anatazama wenzake.

SALMA: Nani anamlipa?

KHAMIS: Hakuna.

SALMA: Akiumwa?

KHAMIS: Akiumwa hakuna mazoezi. Watoto wanakwenda kuogelea.

SALMA: Unaona sasa! Mutombo amefariki Septemba 2024, ile hospitali ina watu wa kuiendesha. Huyu mzee wenu mngempa msaidizi kijana, na kila mzazi atoe mia mbili kwa wiki, za uzi na pampu.

KHAMIS: Ushaanza kutoza ada.

SALMA: Mia mbili, Khamis! Andazi hilo.

KHAMIS: Nitamfikishia. Ila wewe ndiye utakayepita nyumba kwa nyumba kuzikusanya, maana mimi wazazi wa mtaa ule nawajua.