Jino la Shangazi na Damu ya Mimba Changa

Jamani habari za mchana, mniwie radhi nimechelewa, foleni ya Mbagala mnaijua wenyewe, nimeshuka Zakhem nikamalizia kwa miguu. Na hii feni ikinizidi kelele semeni nipaze sauti.

Mimi sio daktari, tuanzie hapo. Mimi ni mtu wa maabara, miaka yote niko nyuma ya kile kidirisha mnachopitishia vichupa, kwahiyo leo nawaletea habari za kutoka upande ule wa pili.

Sasa, mimba changa kutoka damu. Hili jambo lipo sana kuliko tunavyolisema, kati ya wajawazito wanne mmoja hivi ataona damu ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hata kama ni matone tu, na karibu nusu ya hao mimba inaendelea vizuri tu mpaka mtoto anazaliwa. Lakini mtaani kwetu ikitokea kesi inafunguliwa palepale, kapanda bodaboda, kabeba ndoo, kagombana na wifi yake, kapita njia panda usiku, yaani mtu anavuja damu huku anajibu mashtaka. Mimi hii inaniudhi sana nasema ukweli.

Mana mimba zinazotoka mapema, kama nusu yake hivi chanzo ni kromosomu. Kromosomu ni zile nyuzi zinazobeba vinasaba, kila mtu anazo 46, nusu za mama nusu za baba. Kuna wakati hesabu inakosewa, yai linabeba moja ya ziada, na inayoonekana sana kwenye mimba zilizotoka ni namba 16, zinakua tatu badala ya mbili, mimba ya hivyo haikui, mwili unaiachia. Mara nyingi ni kosa la mara moja tu, wala sio la ukoo, na umri wa mama ukisogea, hasa kuanzia 35, linaongezeka. Ndoo haimo kabisa.

Alafu kuna mimba zabibu, naona mnaguna, mnaijua. Damu inatoka, tumbo kubwa kuliko miezi yake, atrasaundi inaonyesha vishada vishada hakuna mtoto. Ile ambayo ni zabibu tupu, vinasaba vyake vyote vimetoka kwa baba, yai lilikua halina vya mama. Kwahiyo wanaokuja kumlaumu mama hapo wamebisha hodi nyumba sio. Ila zipo familia chache zinajirudia, mwanamke mmoja zabibu mara tatu mara nne, mwaka 2006 wataalamu wakapata kinasaba chenyewe, kinaitwa NLRP7, hapo mama karithi hitilafu pande zote mbili, kwa mama yake na kwa baba yake.

Haya, lile lililonileta hasa. Shangazi yangu aling'olewa jino asubuhi, mimi nikiwa darasa la sita. Karudi na pamba mdomoni, jioni kanga imeloa, usiku tunabadilisha taulo, barafu imewekwa, majani ya chai yamewekwa, kesho yake mchana damu bado inachuruzika kidogo kidogo kama bomba bovu. Bibi akasema huyu damu yake nyepesi, basi ikawa utani wa nyumbani, shangazi damu nyepesi. Hedhi yake siku tisa. Mimba mbili zilimtoka changa, ya pili aliongezwa chupa nne. Na hakuna hata mtu mmoja, nyumbani wala hospitali, aliyeliunganisha jino na ile mimba.

Nimekuja kuelewa nikiwa chuo. Kuna ugonjwa unaitwa von Willebrand, jina la daktari wa Finland aliyeuandika mwaka 1926, kuna binti wa visiwa vya Åland alikua akitoka damu haikati, akafa na miaka 13 kwenye hedhi yake ya nne. Ya nne jamani. Nilisoma hapo nikafunga daftari. Kinachokosekana ni protini inayofanya kazi kama gundi, inashikisha chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba kidonda, pale mshipa ulipochanika. Mara nyingi mzazi mmoja tu anatosha kukurithisha, na baba pia anapitisha, usiangalie upande wa mama peke yake. Ujauzito wenyewe unaipandisha hiyo protini, lakini zaidi miezi ya mbele, wiki za mwanzo bado iko chini, kwahiyo mimba ikiharibika wakati huo damu inaweza kumwagika vibaya. Na vile vipimo vya kawaida vya kuganda damu vinaweza kusoma sawa tu! Kipimo chake ni cha peke yake, lazima daktari akiombe kwa jina. Shangazi hajapimwa mpaka leo, kwahiyo siwezi kuapa ndio wenyewe, ila mimi nimeshaandika "kawaida" kwenye karatasi za watu wengi tu, na kuna usiku nawafikiria.

Upo mwingine wa nadra sana, upungufu wa kigandishi namba 13, yaani moja ya zile protini za kugandisha damu, mtu mmoja kwa kama milioni mbili, kwa sensa ya 2022 Dar tulivuka milioni 5, kwa hesabu hiyo ni watu wawili watatu mji mzima. Huo damu inaganda vizuri, alafu kesho donge linavunjika. Mwanamke mwenye nao mimba zinatoka wiki ya tano, ya sita, moja baada ya nyingine, na akipewa kigandishi hicho kila baada ya wiki kadhaa anabeba mpaka anajifungua. Huo unataka urithi pande zote mbili, ndio mana unaonekana zaidi kwenye koo za binamu kuoana. Dalili yake ya kwanza ni kitovu, kichanga kitovu kinatoa damu siku nyingi.

Kwahiyo ukienda kliniki usingoje kuulizwa, sema. Nani kwenu alitoka damu sana akitoa jino? Nani hedhi inapita siku saba? Mtoto gani wa kiume alivuja siku mbili jandoni? Hiyo ya jando ni ya himofilia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu kutoganda, mama anaibeba kimya kimya. Na grupu lako la damu kama ni hasi liseme mara tu unapoona damu, kuna sindano inatakiwa uchomwe ndani ya masaa 72. Aspirini na diklofenaki usimeze kabla hujauliza.

Ila pedi ikiloa chapachapa ndani ya saa moja, au maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu, hayo hayana cha ukoo, inaweza kua mimba imetunga nje ya kizazi, chukua hata hiyo bodaboda uende.

Mama wa kitenge cha njano umenyoosha mkono muda mrefu, ee, sema. Kitovu? Cha mdogo wako wa mwisho? Mpaka siku ya ngapi? ... Na wewe zimetoka ngapi? Basi mama, chai ikija usiondoke, njoo ukae hapa na mimi.