Walirudi Wangapi? Kuendesha Kliniki ya Bure Mtaani Kisumu

Wazee wetu, akina mama, vijana mliotoka Nyalenda, Manyatta na Obunga, nanyi wanafunzi wa uuguzi mlioiacha Jumamosi yenu mkaja hapa, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika. Najua mnakusudia kuanzisha kliniki ya bure kwa nguvu za watu wa kujitolea, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kila mahali naulizwa: "Siku hiyo mlitibu watu wangapi?" Wafadhili wanauliza, wachungaji wanauliza. Naomba ninyi mjizoeze kuuliza hivi: kati ya tuliowapa dawa za presha mwezi uliopita, wamerudi wangapi? Umati si vigumu kuupata. Tangazeni kwa kipaza sauti pale Kondele kwamba kuna dawa za bure, foleni itafika barabarani. Lakini presha haiishi kwa siku moja, wala sukari. Mtu akipewa vidonge vya wiki mbili kisha akaachwa, presha itapanda tena, naye nyumbani anajiona ameshatibiwa. Hilo linaniuma kuliko foleni niliyoshindwa kuimaliza.

Kurudi kwa mgonjwa huanza na anavyopokewa mara ya kwanza. Chukueni mama anayeuza samaki Kibuye. Amekuja kwa miguu, jua kali, karai kichwani, na anataka kurudi sokoni upesi. Ukimfunga mkanda wa mashine akiwa bado anahema, utapata namba kubwa na huenda ukamwanzishia dawa asiyoihitaji. Mpe kiti chenye egemeo, akae dakika 5. Nyayo zikanyage sakafu, miguu isipandane, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo. Muulize kama angependa kwenda haja ndogo kwanza. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Wakati mashine inapima asizungumze, nawe usimsemeshe. Subiri kidogo, pima tena. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, mpangie siku nyingine aje apimwe upya kabla ya kuambiwa ana ugonjwa wa maisha. Ila namba zikiwa za kutisha, au akilalamika kifua au macho kufifia, huyo ni wa rufaa saa hiyo hiyo.

Kazi hiyo ya dakika 5 kijana yeyote aliyefunzwa vizuri anaiweza, na ndiyo inayomfanya yule mama aamini kwamba mnamjali.

Halafu kuna daftari. Andikeni jina, mtaa, namba ya simu, na namba ya pili ya jirani au mtoto wake, kwa sababu simu nyingi huku kwetu zinatumiwa na nyumba nzima au zinazimika kwa kukosa chaji. Mkimpigia jirani, msitaje ugonjwa hata kidogo. Mwambieni tu amfikishie fulani salamu kwamba anatarajiwa Jumamosi. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na habari za afya ya mtu ni kati ya zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Daftari lilale kabatini, kabati lifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe na mtu anayejulikana.

Chagueni magonjwa machache. Mimi ningeanza na presha, sukari na homa za watoto, basi. Sisi ni watu wa ziwani na malaria tunaijua, lakini kila mtoto mwenye homa achomwe kidole apimwe kwanza. Kipimo kikionyesha malaria, dawa ya AL (artemether-lumefantrine) ni dozi 6 kwa siku 3: ya pili masaa 8 baada ya ile ya kwanza, zinazobaki asubuhi na jioni. Anywe na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ishike vizuri mwilini. Mwambieni mama arudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kijaluo kama ndicho kinachomtoka kwa urahisi, kabla hajaondoka. Kipimo kisipoonyesha malaria, msimpe dawa ya malaria kwa sababu tu ametoka mbali kuja kwenu. Tafuteni kinachomsumbua mtoto.

Dawa za msaada zitakuja, na zitawatia majaribuni. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 1996 kwamba dawa za msaada, zinapofika, ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha. Shikeni hapo. Boksi la dawa zinazoisha muda mwezi ujao ni mzigo: haziwezi kutupwa jalalani watoto wakazipata, na kuziharibu ipasavyo ni gharama. Kataeni kwa heshima.

Leseni nitazigusa tu. Kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa leseni. Muuguzi, tabibu, mfamasia, kila mmoja awe na yake isiyoisha muda, na kliniki yenyewe iwe imeidhinishwa.

Tena msijifungie peke yenu. Tangu Septemba 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, na mikoba yao ina mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wa mtaa wenu wanajua nyumba gani ina mgonjwa asiyetoka. Ketini nao. Wasaidieni watu wajisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, maana kliniki yenu hailazi mgonjwa wala haimpasui. Na mkimpeleka mtu Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, apewe barua yenye vipimo vyake na dawa alizokwisha kunywa, na mmoja wenu ampigie simu baada ya siku mbili ajue alipokelewaje.

La mwisho ni ninyi wenyewe. Wa kujitolea huchoka, hasa yule mwema asiyejua kukataa. Mpeni nauli ya boda boda, mpeni chai, na mumpe ruhusa ya kupumzika bila kuulizwa maswali. Wagonjwa wa presha wanawategemea watu wanaofika siku waliyosema watafika. Karatasi ya zamu iko pale mezani. Andika Jumamosi ambazo una hakika nazo. Kama ni moja kwa mwezi, andika hiyo moja. Sasa nipo kwa maswali, tuanze na akina mama.